Jiwe la Mimbari

Mwenye hatia hukana, na asiye na hatia hukana kwa sauti kubwa zaidi. Hilo Sajenti Marsaili Gunn alikuwa amelizoea katika miaka kumi na minne ya upolisi. Kitu ambacho hakuwa amekizoea ni mshukiwa asiyekana wala kukiri, bali anamimina chai.

"Mzee Uisdean, hii ni mara ya nne nauliza. Jana asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, ulikuwa wapi?"

"Paka siagi, binti. Mkate wa shayiri ukiwa mkavu unakwaruza koo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ninapokuwa."

"Hilo siwezi kuliandika."

"Basi usiandike. Okoa wino."

Uisdean Macaulay alikuwa na miaka sabini na minne, na arobaini na mmoja kati ya hiyo alikuwa mlinzi wa Mto Larraig. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wavuvi wa klabu, kuwafukuza wezi wa samaki, na kuwasahihisha wote wawili bila ubaguzi. Kifuani alivaa beji ya shaba aliyokuwa ameisugua kwa kidole gumba hadi maandishi yakafutika. Hakuna aliyehitaji kuyasoma. Kijiji kizima cha Kinlarraig kilijua yanasema nini.

Marsaili alifungua daftari na kumsomea mambo yalivyo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu hata mbele ya mtu aliyekufundisha kurusha mshipi ukiwa na miaka sita.

Wiki sita mvua haikunyesha. Mto ulibaki mfereji wa mawe yenye majimaji, na samoni, samaki wanaopanda mito kutoka baharini, walikwama huko wakisubiri. Usiku wa kuamkia Jumanne mbingu zilipasuka, na alfajiri mto ukashuka kutoka milimani kwa kishindo. Samoni wakaingia. Mtu mmoja aliwangoja na wavu pale mdomoni, kwenye Dimbwi la Chumvi, akavua tisa. Tisa ni idadi iliyohesabiwa kwa madoa ya damu na magamba kwenye nyasi. Saa sita mchana, wavu ukakutwa umelowa nyuma ya banda la Uisdean.

"Na kuna shahidi," Marsaili alisema. "Mwenyekiti wa klabu. Anasema saa moja kamili alikuwa darajani, akakuona umesimama juu ya Jiwe la Mimbari, pale mtoni chini ya daraja, wavu begani."

Uisdean alikitazama kikombe chake. Kitu kama tabasamu kilipita chini ya masharubu yake, kikajificha.

"Amesema hivyo?"

"Ameweka na sahihi."

"Ana mwandiko mzuri, yule bwana."

"Mzee, kamati inakaa leo saa sita. Watakuvua hiyo beji."

"Najua inakaa. Viti nimepanga mimi."

"Neno moja tu linatosha. Niambie ulikuwa wapi."

Mzee aliinuka, akasuuza kikombe chake, akakifudikiza juu ya kitambaa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama ufito mpya.

"Binti Gunn, wanivue. Mtu aliyevuliwa beji bado anaweza kupita darajani kichwa kikiwa juu. Kuna mambo mengine, ukiyasema, daraja lenyewe linakugeuzia uso." Kisha akaongeza kwa adabu: "Banda halina kufuli. Pekua."

*

Banda lilikuwa safi kuliko hospitali nyingi. Fito kumi na mbili za kuvulia zilining'inia kwa urefu wake. Kwenye droo, nzi wa bandia wa kuvulia aliowafunga mwenyewe kwa manyoya ya bata na nyuzi za hariri walilala kwa safu, kila mmoja na kitanda chake.

Marsaili alianza kushoto na kumalizia kulia. Nyuma ya makoti ya mvua alikuta ufito wa kumi na tatu: mfupi, mzee, uliofungwa utepe katikati. Fito nyingine zote zilikuwa kavu na zina vumbi la wiki sita. Huu ulikuwa na unyevu, na kwenye ncha ya mshipi wake hapakuwa na nzi, ila ndoana tupu, uchi kama siku ya kuzaliwa kwake.

Nje, reki ya meno manne ya kupalilia ilikuwa imesimama kwenye bustani ya viazi, na udongo kwenye meno yake ulikuwa haujakauka. Mstari mmoja wa shamba ulikuwa umechimbuliwa. Marsaili aliupima kwa hatua. Ulitosha kabisa kufukia samoni tisa, ukiwapanga kichwa kwa mkia.

Alivua koti, akachimba.

Baada ya dakika ishirini alikuwa amepata viazi saba, kijiko kilichopotea tangu zamani za wazee, na nyungunyungu mmoja mnene, aliyejinyonganyonga kwa ghadhabu ya kiumbe aliyeamshwa mara mbili katika wiki moja. Samoni hakuwapo. Sajenti na nyungunyungu walitazamana. Kisha Sajenti akarudi ndani ya banda kwa haraka, akapapasa mifuko ya makoti moja baada ya jingine, na katika koti la nne akatoa kopo la tumbaku.

Mfuniko ulikuwa umetobolewa matundu saba kwa msumari. Ndani hapakuwa na tumbaku. Palikuwa na ule umanyoya wa kijani unaoota juu ya mawe, ukiwa bado na unyevu, umepangwa kama godoro la nyungunyungu.

Marsaili alilifunga kopo hilo polepole, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Katika kazi yake alikuwa amepata kushika kisu chenye damu, na siku ile hakutazama nyuma.

Maana Klabu ya Larraig ilikuwa na kanuni ishirini na mbili, na kumi na nane kati ya hizo hakuna aliyezikumbuka. Lakini Kanuni ya Nne ilijulikana hata na watoto wa chekechea. *Nzi tu. Atakayevua kwa nyungunyungu, msimu wake umekwisha.* Kanuni hiyo iliandikwa na Uisdean Macaulay. Na miaka kumi na tisa iliyopita, mbele ya watu waliotoka kanisani, Uisdean huyohuyo alimkamata mwoka mikate, Eachann Mackillop, akiwa na nyungunyungu kwenye ndoana, akamtembeza hadi darajani ameubeba ufito wake juu kama bendera, na nyungunyungu akining'inia.

Paka wa nyumba alipita mlangoni akilamba midomo. Mdomoni alikuwa na mfupa wa samaki.

Marsaili alimfuata.

*

Paka alimpeleka moja kwa moja kwa Bibi Oighrig, dada yake Uisdean, mwenye umri wa miaka themanini na minane, ambaye miguu ilikuwa imemgomea tangu majira ya kuchipua lakini ulimi haukuungana na mgomo. Alikuwa kitandani kando ya dirisha, kitabu cha nyimbo za kanisa mapajani.

"Futa miguu, Marsaili Gunn. Bibi yako alikuwa na adabu."

"Shikamoo, Bibi. Jana asubuhi ulikula nini?"

"Uji."

Marsaili alikiinua kitabu cha nyimbo. Chini yake palikuwa na sahani, na juu ya sahani uti wa mgongo wa samaki wa mtoni, trauti, umesafishwa vizuri mno.

"Uji huu una miiba, Bibi."

Bibi Oighrig aliitazama sahani bila kupepesa. "Shayiri ya siku hizi si nzuri."

"Bibi."

"Tangu Agosti nilikuwa nataka trauti wa Kijito cha Ndama," bibi kizee alisema, akitazama dirishani kama aliyekuwa akizungumza na mlima. "Mmoja tu, aliyekaangwa na unga wa shayiri kama alivyokaanga mama. Nikamwambia Uisdean. Akaniahidi. Macaulay akiahidi ameahidi. Lakini mvua ikagoma, na ilipokuja ikaja yote. Kesho yake saa kumi na moja na nusu akatoka. Mlango nikausikia. Saa mbili akarudi, amelowa hadi kwenye kwapa, na samaki."

"Kijito cha Ndama kiko kilomita tatu juu ya hapa. Dimbwi la Chumvi liko kilomita nne chini."

"Nilizaliwa hapa, binti. Sihitaji ramani."

"Na maji yalikuwa na rangi gani?"

Bibi Oighrig alirudi kutazama dirishani. "Kama chai ya strungi iliyosahaulika jikoni."

"Nzi gani anaonekana ndani ya strungi?"

"Wewe ndiye polisi."

"Nina kopo lake mfukoni, Bibi."

Mkono mkavu ulimshika Marsaili kifundo cha mkono, na nguvu zake zilikuwa za kushangaza. "Sikiliza. Ukilitaja mbele ya wale watu, mimi nitakana. Nitaapa mbele ya Mungu na mchungaji kwamba nilikula uji."

"Kuapa uongo ni dhambi, Bibi."

"Dhambi husamehewa. Nyungunyungu je?"

Swali hilo Sajenti hakuliandika.

"Angalau alikuwa mtamu?" aliuliza mlangoni.

"Mwanangu," Bibi Oighrig alisema, akifumba macho, "ningemla na nyungunyungu wake."

*

Sasa Marsaili alijua mahali Uisdean alipokuwa, na hakuweza kumwambia mtu. Ilibaki kujua nani alikuwa Dimbwi la Chumvi, na saa yake ilisema saa nne na robo.

Mtu wa kwanza mwenye kinyongo alikuwa wazi mno. Alimkuta Eachann Mackillop nyuma ya kaunta ya duka lake la mikate, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"Nilikuwa nakungoja," Eachann alisema. "Kila mtu anasema ni mimi. Hata mke wangu kaniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia kama ningekuwa na samoni tisa, angekuwa ananiuliza mapishi." Akafuta mikono. "Jana saa kumi na moja nilikuwa kwenye tanuri. Saa moja nilikuwa na gari la mikate darajani. Uliza nyumba kumi na nne. Ya kumi na tano ni ya mama yako, alilalamika mikate imeungua."

"Ilikuwa imeungua kweli. Humpendi Uisdean."

"Miaka kumi na tisa sijampenda, na sijapumzika hata siku moja." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayetaja kazi yake. "Lakini Marsaili, nifikirie vizuri. Mimi nikitaka kummaliza yule mzee, nimtupie wavu? Wavu ni wizi tu. Mimi ningemwekea kopo la nyungunyungu mlangoni, nikagonga kengele ya kanisa."

Kopo lililokuwa mfukoni mwa Sajenti lilipata uzito wa jiwe la kusagia. Alikohoa.

"Ulipopita darajani saa moja, maji yalikuwa wapi?"

"Juu. Yalikuwa yanaiosha ile pete ya chuma kwenye nguzo. Sijayaona hivyo tangu harusi ya Bi Una wa klabu."

"Na Jiwe la Mimbari?"

"Mimbari ipi?" Eachann alicheka. "Ilikuwa imezama, pamoja na mhubiri na kwaya. Larraig ni mto wa mbio, si unajua? Unajaa kabla hujafunga kamba za viatu, na kufika saa tano unakuwa umeshuka, jiwe limekauka, utadhani hakukutokea kitu." Akaacha kucheka. "Kwa nini unauliza?"

"Nipe mkate mmoja," Marsaili alisema. "Usioungua."

Alikwenda darajani akitafuna. Kwenye pete ya chuma palikuwa na mafungu ya nyasi na vijiti, yaliyoachwa na maji yaliposhuka. Alifunga uzi kwenye pete, akaushusha hadi usawa wa Jiwe la Mimbari, ambalo leo lilikuwa kavu, bapa, na lenye alama mbili zilizolainishwa na mabuti ya Uisdean katika asubuhi za miaka arobaini na mmoja. Aliupima uzi kwa mwili wake mwenyewe. Ulimfika kifuani.

Kisha akaenda nyuma ya jengo la klabu, kwenye chumba cha baridi. Humo alining'inia samoni mmoja, kilo saba, mng'avu kama sarafu, na kadi shingoni: *Crispin Tarrant, Mwenyekiti. Jumanne, saa tatu asubuhi. Dimbwi la Mjane. Kwa nzi.*

Alivaa glavu. Nyuma ya matamvua, magamba yalikuwa yametoka katika mstari mwembamba uliozunguka mwili, kama alama ya soksi iliyobana. Chini ya mkia palikuwa na chawa wa baharini watatu, bado na mikia yao mirefu. Chawa hao hawana mapenzi na maji yasiyo na chumvi. Huanza kupoteza mikia, kisha huanguka wenyewe. Samaki huyu alikuwa ametoka baharini asubuhi ileile. Na Dimbwi la Mjane liko juu ya maporomoko ambayo, mto ukifurika, hata malaika hapandi.

Mwisho alimfungua kinywa. Alikikagua kwa tochi, juu, chini na pembeni, kwa muda mrefu.

Hati ya upekuzi ilimchukua simu moja na maneno machache. Saa ya kanisa ilipogonga sita, alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Wajumbe walikuwa saba. Bi Una Farquhar alikuwa karani. Eachann alikuwapo, na wazee wanne ambao kwa pamoja walikuwa na zaidi ya miaka mia tatu na meno kama ishirini. Kwenye kiti cha mbele aliketi Bwana Crispin Tarrant, daktari wa meno mstaafu aliyehamia kutoka Edinburgh miaka kumi na mmoja iliyopita, na ambaye tangu siku hiyo hakuacha kuuita mto huo "mto wetu." Jumamosi, siku ya kufunga msimu, klabu ingetimiza miaka mia. Wageni sitini walikuwa wamealikwa chakula cha jioni, na Tarrant alikuwa ametangaza kwamba kila samoni mezani atakuwa amevuliwa kwa mkono wake mwenyewe.

Uisdean alikaa peke yake mwisho wa chumba, kofia magotini, beji kifuani.

"Jambo la kusikitisha," Tarrant alianza, "na tulimalize upesi."

"Nina maswali mawili kwa shahidi," Marsaili alisema. "Bwana Tarrant, mto huu unaufahamu?"

"Sajenti, naufahamu kama kinywa cha mgonjwa wangu. Kila jiwe, kila pengo."

"Na jana saa moja Mzee Uisdean alikuwa amesimamaje?"

"Kama anavyosimama kila siku ya Mungu. Katikati ya Jiwe la Mimbari, miguu pamoja, anatazama chini ya mto. Wavu begani."

"Mabuti yake yalikuwa yamelowa?"

"Makavu kabisa! Ndiyo maana nasema mtu huyu hana hata haya."

Kalamu ya Bi Una ilisimama. Mmoja wa wazee alitoa kiko mdomoni. Eachann, aliyekuwa akitafuna kitu, aliacha kutafuna.

"Andika, Bi Una," Marsaili alisema. "Makavu kabisa."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akidhani hiyo ni heshima. Hatimaye mzee wa kiko aliinama mbele, akazungumza kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto amevaa viatu kinyume.

"Crispin, mwanangu. Jana saa moja lile jiwe lilikuwa chini ya maji. Mtu angesimama pale, angekuwa amefika Norwei sasa hivi."

Uso wa mwenyekiti ulibadilika rangi kidogo. "Pengine ilikuwa saa mbili."

"Saa mbili yalikuwa kiunoni," mzee wa pili alisema.

"Mto wa mbio, Crispin," wa tatu aliongeza. "Si beseni."

"Saa tatu, basi! Sikuwa na saa mkononi!"

"Saa tatu haiwezekani," Marsaili alisema. "Saa tatu ulikuwa Dimbwi la Mjane ukivua samoni. Kadi ni mwandiko wako." Akatoka, akarudi na samaki, akamlaza juu ya kitambaa cha kijani cha meza, mbele ya mwenyekiti. "Hapa ana alama ya uzi wa wavu. Hapa ana chawa waliokuwa baharini jana alfajiri. Lakini mimi ni polisi tu, naweza kukosea. Wewe ni daktari wa meno. Mfungue kinywa, Bwana Tarrant, utuonyeshe tundu la ndoana."

Tarrant hakunyoosha mkono.

"Mfungue, Crispin," Eachann alisema. "Hataumia."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye kinywa cha samaki. Mwenyekiti alimtazama samoni, na samoni, kwa jinsi samaki walivyo, alimtazama pia.

"Wanane waliobaki wako kwenye friji yako," Marsaili alisema. "Hati ya upekuzi ninayo. Saa tano, maji yalipokuwa yameshuka, ulipita darajani kwenda kuutupa wavu nyuma ya banda la Uisdean, ukaliona jiwe kavu, ukalitia kwenye ushahidi wako. Unaujua mto wa siku za jua. Wa jana hukuuona."

"Wiki sita!" Sauti ya Tarrant ilipasuka. "Wiki sita sikupata hata kidagaa! Nimetangaza kwa watu sitini! Na kila asubuhi huyu hapa, juu ya jiwe lake, ananicheka!"

"Sikukucheka," Uisdean alisema, kwa mara ya kwanza. "Nilikwambia ushushe kiwiko."

Marsaili alifunga daftari. Kwake kazi ilikuwa imekwisha, na kopo lilikuwa bado mfukoni, ambako alikusudia likae hadi litupwe Dimbwi la Chumvi wakati wa maji kupwa. Alikuwa anamsindikiza Tarrant mlangoni aliposikia kiti kikisogezwa nyuma.

"Bado," Uisdean alisema.

"Mzee," Marsaili alisema haraka, "hakuna anayekuuliza kitu."

"Ndiyo maana nasema." Alikuwa amesimama, miguu pamoja, kama juu ya jiwe. "Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Lakini huyu bwana ameanguka kwa kusema alikuwa mahali ambapo hakuwapo. Mimi nami siwezi kubaki na beji hii kwa kutosema nilipokuwa. Jana asubuhi nilikuwa Kijito cha Ndama. Nilimvulia dada yangu trauti." Akavuta pumzi. "Kwa nyungunyungu."

Bi Una alitia mkono mdomoni. Kiko kilianguka, na hakuna aliyekiokota. Wizi wa samoni tisa ulikuwa umepokewa katika chumba kile kwa minong'ono; hili halikupata hata mnong'ono. Tarrant mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono na sheria, aligeuka na kumtazama mzee kwa mshtuko.

"Bi Una, soma Kanuni ya Nne," Uisdean alisema.

"Uisdean, si lazima..."

"Soma. Niliiandika ili isomwe."

Alisoma. *Msimu wake umekwisha.* Uisdean alifungua pini ya beji. Vidole vyake havikuwa na haraka. Alivuka chumba, akapita wazee wanne, akasimama mbele ya Eachann Mackillop, na akamwekea ile shaba kiganjani.

"Wewe ndiye wa kuishika. Ile siku nilikutembeza hadi darajani. Nikitakiwa kutembea, nitatembea."

Eachann aliigeuzageuza beji kiganjani. Miaka kumi na tisa alikuwa ameisubiri siku hii, na kwa jinsi alivyoonekana, alikuwa ameandaa hotuba. Badala yake akatazama kalenda ukutani.

"Leo Jumatano," alisema hatimaye. "Msimu unafungwa Jumamosi."

"Najua."

"Kanuni inasema msimu. Haisemi maisha. Zimebaki siku tatu. Nitakutunzia. Ukifunguliwa msimu mpya, njoo uichukue, na uje mapema, maana mimi siwezi kusugua shaba." Akaitia mfukoni. Kisha uso wake wa unga ukamsogelea mzee, na sauti ikashuka, sauti ya mtu mwenye swali lililomtesa. "Lakini niambie kweli. Ulitumia wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Nyungunyungu. Mimi ile siku nilitumia sita, na sikupata kitu."

Uisdean Macaulay alivaa kofia. Alipita katikati ya wajumbe bila beji, akafungua mlango, na jua la mchana likamwangukia usoni. Chini, mto ulikuwa umeshuka, umetakata, unaimba juu ya mawe. Pale kizingitini aligeuka, akainua kidevu.

"Mmoja," alisema.